Mfano Safi wa Neno Zama

Bwana Maana hakuwa mtu mbaya, na heri tuliseme hilo mapema kabla hamjaanza kumsema. Hakuwa mlevi, hakuwa mzururaji, na tangu aoe hakuwahi kuinua mkono wala sauti ndani ya nyumba yake. Alikuwa mhariri wa kamusi, basi. Jina la Maana walimbandika majirani, kwa sababu ukimsalimia ovyo ovyo alikuwa radhi kukusimamisha juani nusu ya asubuhi, mfuko wa nyanya mkononi, akuulize umekusudia nini hasa uliposema "tupo tupo tu". Watu walimheshimu sana, na wakimwona kwa mbali walivuka barabara.

Ofisi yao ilikuwa ghorofani, juu ya duka la magodoro. Chini wateja walijilaza kwa majaribio, wengine wakapitiwa na usingizi kabisa. Juu wahariri wanne walizunguka meza ndefu yenye mguu mmoja mfupi, wakibishana kutwa nzima juu ya neno moja, na harufu ya sponji mpya ikiwapandia kwenye ngazi. Ule mguu mfupi walikuwa wameuinua kwa toleo la kwanza la kamusi yao wenyewe. Hakuna aliyeona haya, maana toleo lile liliwahi kuwatia aibu kubwa kuliko hiyo.

Aibu yenyewe ilitokana na mifano. Kila neno katika kamusi hupewa sentensi ya kulionyesha likiwa kazini, na katika toleo la kwanza sentensi hizo walizitunga wenyewe, pale pale mezani, wakiwa wameshiba. Zikatoka sentensi ambazo hakuna binadamu aliyewahi kuzitamka. "Mjomba alifurahia ufagio wake kwa dhati." "Lo, bata huyu ana busara!" Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na walimu wakawa wanazisoma darasani wanafunzi wakisinzia. Ndipo mwenyekiti wa jopo, mzee mmoja mkavu waliyemwita Nukta kwa kuwa alimaliza kila ubishi kwa kutamka neno hilo, akapitisha sheria. Tangu siku hiyo sentensi yoyote ya mfano sharti iwe imetoka kinywani mwa mtu halisi, aliyekuwa anasema kwa haja zake. Na anayeileta atoe ushahidi mbele ya jopo: nani kasema, kamwambia nani, na kulikuwa na nini mpaka akasema.

Sheria nzuri, ila iliwageuza wahariri kuwa wadukizi. Walitega masikio kwenye foleni, kwa kinyozi, kliniki. Bwana Maana alikwenda kuwapa pole majirani waliofiwa, akarudi na mifano mitatu safi ya neno "jamani". Mashemeji zake wakimwona anaingia walianza kuzungumza kwa macho. Yeye alidhani ni adabu.

Nyumbani ndiko alikovuna zaidi. Mkewe alikuwa mkunga mstaafu, mwanamke wa maneno machache yaliyonyooka, na sehemu nzuri ya herufi M ilikuwa imetoka kinywani mwake. Mwanzoni alifurahi, nani asingefurahi? Kuna wanawake wangapi wanaosikilizwa na waume zao hivyo, macho yamewatoka, shingo imenyooka, hawapepesi? Baadaye akaja kuona kwamba akishamaliza kusema, hakuna kinachofuata. Akisema paa linavuja, mume atasema "vizuri sana", na paa litaendelea kuvuja. Watoto wao wawili, kabla hawajakuwa watu wazima na kwenda zao, walikwisha kumjua baba yao. Ukitaka ruhusa, ngoja azame. Kwa njia hiyo binti yao alikwenda matembezi ambayo hakuna baba angeyakubali, na kaka yake aliacha masomo ya uhasibu akawa fundi wa mafriji. Baba alikuja kujua siku karakana inafunguliwa, akapongeza kwa moyo wote.

Wiki ile jopo lilikuwa limefika herufi ya mwisho, na humo likakwama kwenye neno zama. Kuzama kwa jua hakukuwa na tabu, wala kuzama kwa jiwe kisimani. Tabu ilikuwa kule kuzama kwa mtu aliyekaa kitini, mkavu, hana hata tone la maji mwilini: kuzama mawazoni, kuzama kitabuni, kuzama kazini. Kila mfano ulioletwa ulianguka. Neno lenyewe lilikuwa limekabidhiwa Bwana Maana, na yeye alilala nalo, akaamka nalo, akakaa nalo mezani kama mgeni wa heshima.

Ndivyo ilivyokuwa asubuhi hiyo. Alikuwa anakunywa chai, na mkewe amesimama mbele yake amevaa viatu. Hakuviona viatu. Wala hakuliona begi la bluu kando ya mlango, wala kwamba kwenye kamba ya nguo uani yalikuwa yamebaki mashati yake tu. Mkewe alikuwa ameanza kuzungumza kitambo. Alizungumza polepole, kama mtu aliyejiandaa usiku mzima, akaeleza anakwenda wapi, kwa nani na kwa sababu gani, na kwamba angepanda basi la mchana. Hayo yote yaliingia sikio hili yakatokea lile. Kilichobaki ni "mchana" tu, nacho kilibaki kwa bahati. Mwishowe mama wa watu akachoka kuzungumza na ukuta.

"Mwenzangu," akasema, "wewe umezama mno. Hata nikiondoka leo, utakuja kujua kwa kukosa chai."

Kikombe kilisimama hewani. Bwana Maana aliinua uso, na macho yake yalikuwa yanang'aa.

"Rudia," akasema.

"Nirudie?"

"Rudia hivyo hivyo. Polepole."

Laiti angemtazama usoni badala ya kumtazama mdomo, angeona mwanamke aliyekwisha kukata tamaa akianza kutumaini upya. Kwa mkewe ilikuwa wazi kwamba safari hii neno lake limemgusa. Akarudia, na sauti ilimtetemeka kidogo.

"'Utakuja kujua'," Bwana Maana akanong'ona. "Hakusema 'utajua'. 'Utakuja kujua.' Ala!"

"Baba watoto, nakuuliza mara hii tu, na utakalojibu ndilo nitakalofuata. Niende, nisiende?"

"Safi kabisa!" akajibu, ameshasimama, mkono mmoja ndani ya koti. "Usibadilishe kitu chochote."

Akatoka mbio kama mtu aliyeitwa na bahati yake. Mlangoni begi lilimkwaza, akaliambia samahani, akaendelea.

Ofisini walikuwa wameanza bila yeye. Mbali na Nukta alikuwepo mhariri mwanamke waliyemwita Shangazi, kwa sababu ndiye aliyewakumbusha kula na kufunga vifungo vya shati sawasawa. Wa nne alikuwa bwana mmoja mwembamba, jina lake la ofisini Kiambishi, ambaye tangu aajiriwe hakuwahi kutoa wazo lililoweza kusimama peke yake.

"Kuzama si kuzubaa," Shangazi alikuwa anasema. "Aliyezubaa ukimgutusha hana kitu. Mdomo wazi, ndani hewa. Aliyezama ukimgutusha anakukasirikia, maana umemtoa mahali."

"Wala si kughafilika," akasema Nukta. "Aliyeghafilika amepitwa na jambo moja. Aliyezama amepitwa na yote isipokuwa moja."

"Isipokuwa moja," akasema Kiambishi.

"Na aliyezongwa na mawazo je?" akauliza Nukta.

"Huyo anataka kutoka na hana njia. Aliyezama hata ukimfungulia mlango hatoki," akasema Shangazi.

"Hatoki, huyo."

"Basi tuandike kwamba ni neno la sifa," akasema Nukta. "Hakuna kazi ya maana iliyofanywa na mtu anayeelea juu juu."

Shangazi aliguna. "Inategemea nani anasema, mzee wangu. Kwa anayezama ni sifa. Muulize na yule anayemngoja huku chakula kinapoa."

Ubishi ulikuwa umefika hapo Bwana Maana alipotokea mlangoni, jasho linamtiririka, na kabla hata hajasalimia akaitoa sentensi yake. Aliisema kama alivyoisikia, pumzi kwa pumzi, hata ule mtetemo mdogo wa mara ya pili akautia.

Nukta alivua miwani, jambo alilolifanya kwa nadra, mara nyingi akiwa amefiwa.

"Sikilizeni hiyo 'mno' ilivyokaa," akasema hatimaye.

"Na chai!" akasema Shangazi. "Ningetunga mimi ningeandika 'utakuja kujua kwa kukosa uwepo wangu'. Mtu mwenye akili zake amesema chai."

"Amesema chai," akasema Kiambishi, na safari hii alikaribia kulia.

Waliigeuza, wakaipima, wakaitamka kwa zamu. Walijaribu kuondoa "leo" wakaona imepooza, wakairudisha haraka. Furaha ya watu wa kamusi ni ndogo, na haina watazamaji, lakini siku hiyo ilikuwa ya kweli kabisa. Wateja waliolala chini kwenye magodoro walisikia vicheko juu ya dari wakadhani kuna harusi. Bwana Maana alikaa katikati yao amevimba kwa fahari. Miaka yote hiyo ya kutega masikio, na kito kikubwa kuliko vyote kimetoka mezani pake.

"Haya, ushahidi," akasema Nukta, akiikunja mikono. "Nani kasema?"

"Mke wangu."

"Kamwambia nani?"

"Kaniambia mimi. Nyumbani, leo hii, nakunywa chai."

"Kulikuwa na nini mpaka akasema?"

Hili lilikuwa swali ambalo Bwana Maana alikuwa bingwa wa kulijibu. Safari hii alipapasa mfuko wa koti, kana kwamba jibu limo.

"Alikuwa amesimama," akasema.

"Amesimama tu?"

"Amesimama. Amevaa viatu."

Shangazi aliweka kalamu chini.

"Hilo 'nikiondoka' lazima tulijue," Nukta akaendelea, kichwa kimeinama. "Ni la utani au la kweli? Likiwa la utani tutalieleza hivyo, msomaji asije akapotoka. Alikuwa anatania?"

"Kulikuwa na begi," Bwana Maana akasema polepole. "La bluu. Lilinikwaza."

"Begi si kitu. Linaweza kuwa la nguo chafu."

"Linaweza," akasema Kiambishi.

"Halafu akaniuliza: niende, nisiende?"

"Na wewe ukajibuje?"

Bwana Maana alitazama meza.

"Nilisema safi kabisa."

Nukta alivaa miwani yake, akaisawazisha puani.

"Basi ni la kweli," akasema. "Halina utani hata kidogo. Nukta."

"Wewe mwanamume bado umekaa?" Shangazi alikuwa ameshasimama. "Unangoja nini hapo? Nenda nyumbani!"

"Tulikuwa hatujamaliza ile maana ya—"

"Nenda!"

Akaenda. Alishuka ngazi mbili mbili, akakatiza katikati ya magodoro na watu waliolala, akatokea barabarani bila kofia. Aliogopa. Siku zote aliishi na mwanamke huyu kama mtu anavyoishi na mkono wake wa kulia, na ni nani anayeuangalia mkono wake? Alimpenda, hilo halikuwahi kumtia shaka, kwa hiyo hakuwahi kulichunguza.

Nyumba ilikuwa imefungwa kwa ufunguo. Ndani ilikuwa imefagiliwa. Upande wa mkewe kwenye kabati palikuwa na vining'inizio vitupu, na ule mkoba wa kazi ya ukunga aliokuwa akiuweka juu ya kabati, ambao hakuutumia tangu astaafu lakini hakukubali uondolewe, haukuwepo. Aliita. Aliita tena uani, mashati yake yakampungia.

Lakini mezani palikuwa na chupa ya chai, imejaa, na alipoifungua ilitoa mvuke. Akili ya Bwana Maana ilirukia hapo hapo. Chai ipo, akajiambia. Sentensi ilisema nitajua kwa kukosa chai, na chai sijaikosa. Alikaa kitini kwa faraja, akajimiminia kikombe. Ilimchukua nusu kikombe kukumbuka kwamba mkewe hakuwa amekula kiapo mbele ya jopo, na kwamba mtu anaweza kuondoka na bado akakuachia chai, kwa kuwa tu hana roho mbaya kama maneno yake.

Sawa, mchana basi. Hilo neno alilishika. Mchana ulikuwa bado, kituo cha mabasi hakikuwa mbali, na simu ilikuwa mfukoni. Angeweza kupiga saa hiyo hiyo. Mtu mwingine yeyote, hata Kiambishi, angepiga.

Ila kwanza, aseme nini? Hili si jambo la kumwambia mtu neno lolote lililo karibu. Samahani? Samahani humwambia mtu uliyemkanyaga, na asubuhi alikwisha kuliambia begi. Niwie radhi? Baridi mno, hiyo ni ya matangazo ya kukatika kwa maji. Nisamehe ilikuwa afadhali, lakini alipoipima aliona inamtwika mkewe kazi yote: yeye ndiye asamehe, yeye ndiye ajitahidi, na mkosaji amekaa. Nimekosa, basi. Nimekosa ilikuwa na uzito, ilimtaja mwenye kosa bila kupindapinda. Lakini ilikuwa pana mno. Mtu hukosa hata basi. Alijimiminia kikombe kingine. Aliliacha nimekosa, akalirudia, akajaribu kuliunga na nisamehe, likawa refu, akalikata. Alisimama, akatembea mpaka dirishani, akarudi. Hakuwa anapoteza muda. Ndivyo alivyoona mwenyewe. Alikuwa anamtafutia mkewe kitu kinachomstahili, kwa ile bidii ambayo ndiyo kitu bora alichokuwa nacho duniani. Na akakipata. Kilimjia kimekamilika, hakihitaji kuongezwa wala kupunguzwa: "Nilikuwa nakusikia, sikuwa nakusikiliza."

Hata Nukta angevua miwani. Bwana Maana alipiga meza kwa furaha, akainua chupa ajimiminie cha kujipongeza, na chupa ikatoa tone moja. Alitazama dirishani. Jua lilikuwa limehamia upande wa pili wa nyumba.

Alikimbia njia nzima, mtu mzima na koti lake, midomo ikicheza isije sentensi ikamponyoka. Kituoni palikuwa na vumbi, vipaza sauti na mabegi ya rangi zote. Alijipenyeza mpaka kwenye dirisha la tiketi.

"Binti yangu, basi la mchana limeondoka?"

"La wapi, mzee?" akauliza mwanamke wa tiketi.

"La mchana."

"Yote ya mchana yameondoka, baba. Nakuuliza, la wapi?"

Hapo ndipo jambo lenyewe lilipomwangukia. Alikuwa na sentensi nzima ya kuomba msamaha, imepigwa msasa, na hakujua mke wake anakwenda wapi. Alijaribu kubahatisha. Kwa binti yao? Kwa kaka wa mkewe? Kaka mtu bado anaishi kule, au alihama, au ni mdogo wake ndiye aliyehama? Mambo haya yote aliambiwa. Alikumbuka hata mkewe alivyokuwa akishika kitambaa cha meza alipokuwa akimwambia, na neno zuri alilolitumia. Habari yenyewe hakuwa nayo. Machozi yalimlenga, pale pale, watu wakimsukuma kwa nyuma.

Alipiga simu. Iliita sana kabla haijapokewa.

"Nilijua utapiga," akasema mkewe. Nyuma yake basi lilikuwa linanguruma, na mtoto mchanga wa mtu analia. "Sikujua tu kama itakuwa leo."

"Uko wapi?"

"Njiani. Nilikaa dirishani, mwenzangu. Dereva alipiga honi nikamwambia angoje kidogo, nina mtu wangu anakuja. Akangoja. Abiria wakaanza kunitazama. Ulikuwa wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani unafanya nini?"

Angeweza kudanganya, lakini hakuwa na kipaji hicho. "Nilikuwa natafuta neno la kukuomba msamaha."

"Umelipata?"

"Nimelipata."

"Haya, sema."

"Nilikuwa nakusikia, sikuwa nakusikiliza."

"Safi kabisa," akasema mkewe.

Maneno yale mawili yalimwingia kama mwiba. Kwa mara ya kwanza alijua yana ladha gani upande wa anayepokea. Simu ililia ndani ya simu. Nukta alikuwa anapiga, bila shaka jopo limeipitisha ile sentensi ya asubuhi na linataka kumpongeza. Aliiacha ilie mpaka ikanyamaza.

"Nakuja huko," akasema.

"Huko wapi?"

Yule mwanamke wa tiketi alikuwa ameacha kazi anamtazama. Waliokuwa kwenye foleni nao.

"Sijui," akasema Bwana Maana. "Uliniambia. Uliniambia vizuri kabisa, na mimi sina. Sijui unakokwenda, mama watoto. Naomba uniambie tena."

Mtoto wa mtu aliendelea kulia kule kwenye basi. Mkunga hawezi kumsikia mtoto analia asimsikilize, hata akiwa amestaafu, hata akiwa anamwacha mume. Akasikika akimwambia mama mtu amwinue begani, ampigepige mgongo. Kisha akarudi kwenye simu.

"Kwa mdogo wangu wa kike," akasema. "Aliyevunjika mguu. Anaishi peke yake, na hakuna anayemsaidia hata kuoga." Akautaja mji.

Bwana Maana akautaja dirishani.

"Kuna basi la jioni," akasema mwanamke wa tiketi. "Unachukua ya kwenda tu, au kwenda na kurudi?"

Akaiuliza simu: "Wanauliza kama nichukue ya kwenda tu, au ya kwenda na kurudi."

Mzee mmoja kwenye foleni alivua kofia akaishika kifuani.

"Chukua ya kwenda," akasema mkewe mwishowe. "Ya kurudi tutajua huku huku. Na ujue kuna mgonjwa, kuna maji ya kuchota na sufuria za kuosha, hakuna mtu wa kukaa kitini anatazama watu midomo. Neno zama uliache huko huko kwa wenzako, walimalize wenyewe. Na hilo koti lako linatoka uzi kwenye kola, uukate kabla hujapanda basi. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Nimesema nini?"

Alikuwa mtu wa kukurudishia maneno yako yote bila kuangusha hata moja, na hata sasa yalikuwa yamejipanga ulimini, toka "chukua" mpaka "basi", na pumzi zake mahali pake. Aliyaacha yalivyo.

"Umesema umechoka na mimi," akasema. "Na umesema nije."

Mkewe hakuwa ametamka hata moja kati ya hayo. Bwana Maana alishika simu kwa mikono miwili, akangoja asahihishwe. Basi lilinguruma, mtoto alikuwa ametulia, na mkewe hakumsahihisha.